Shaha, Mbuji na Daftari la Mabingwa

Katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Wamatengo, ipo kata iitwayo Mbuji. Msomaji wa pwani akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hutabasamu, kwani katika Kiswahili chake mbuji si mahali, bali ni mtu. Mbuji ni mtu hodari wa jambo, aghalabu hodari wa maneno, ambaye akisimama kunena watu hunyamaza. Sidai kwamba jina la kata na neno la washairi vina asili moja, kwa kuwa sauti mbili zinaweza kukutana njiani bila ya kuwa ndugu. Hata hivyo, kukutana huko kumenipa mlango wa kuingilia katika maudhui ya makala haya: mabingwa, namna wanavyopatikana, na namna wanavyosahauliwa.

Anayeitazama milima ya Umatengo kutoka mbali huona kama kwamba mtu amechonga bao kubwa juu ya miteremko. Hayo ni mashamba ya ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi, pakabaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Maji ya mvua hutulia mashimoni badala ya kuteremka na udongo hadi bondeni, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea ya maharage na mahindi. Hii ni elimu ya zamani, iliyorithiwa kwa mikono na macho, vizazi kwa vizazi, kabla ya mgeni yeyote kufika na kuiandika. Ukiteremka kutoka huko juu kuelekea magharibi utafika Ziwa Nyasa, kwenye Mbamba Bay na Liuli, sehemu ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Shimo, safu, kupanda, kuvuna: maneno haya ya shamba ndiyo pia maneno ya mchezo wetu wa bao. Nami nataka kuuliza swali moja jepesi. Nenda kwenye baraza yoyote ya Unguja, ya Pemba, ya Lamu au ya ufukwe wa Nyasa, ukawaulize wazee wanaocheza: ni nani aliyekuwa bingwa wa bao wa nchi hii mwaka 1950? Na mwaka 1930 je? Utatajiwa jina moja la mtu wa mtaa ule, na baraza ya pili itakutajia jina jingine, na ya tatu itacheka tu. Sasa muulize mpenzi wa sataranji ni nani aliyekuwa bingwa wa Urusi mwaka 1920. Atakutajia jina, atakutajia mshindi wa pili, na akitaka ataipanga mbele yako michezo yenyewe, kete kwa kete, kama ilivyochezwa. Tofauti hii si ya akili za wachezaji. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.

Tuianze habari yenyewe kwenye chimbuko lake. Sataranji ilizaliwa Bara Hindi, ikalelewa Uajemi, na Waarabu walipoishika wakaipandisha daraja ikawa elimu. Kamusi zetu za Kiswahili zimelihifadhi jina hilo la sataranji, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, kabla vijana wa mjini hawajaanza kusema chesi. Ubao wake una miraba 64. Juu yake husimama mfalme, waziri wake, ndovu, farasi, na askari wa miguu. Na mfalme huyo kwa Kiajemi ni shah. Nasi watu wa pwani tumelichukua neno hilo tukalifanya shaha, kisha tukafanya jambo ambalo sijui kama taifa jingine limelifanya: tukamvua mfalme huyo taji la vita tukamvisha la ushairi. Kwetu shaha ni mkuu wa malenga. Shaaban Robert waliitwa wengi kumsifu, na wengi walimwita shaha. Neno lile lile ambalo mchezaji wa Baghdad alilitamka alipomtisha mfalme wa mwenziwe, sisi twalitamka tunapomwinukia mshairi.

Wala undugu huu wa sataranji na ushairi si wa neno tu. Katika Baghdad ya Makhalifa wa Kiabbasi aliishi mtu aliyeitwa Abu Bakr as-Suli. Zama za Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908, as-Suli alikutanishwa na al-Mawardi, mchezaji kipenzi cha Khalifa, akamshinda mbele ya macho ya mtawala. Aliandika kitabu cha sataranji, na ndani ya elimu aliyoiacha limo fumbo moja maarufu, liitwalo almasi ya as-Suli, ambalo lilikaa miaka elfu moja bila ya kufumbuliwa hadi Yuri Averbakh wa Urusi alipolifumbua katika miaka ya 1980. Lakini mtu huyu alikuwa na kazi ya pili, na wapenda ushairi ndiyo watakayoipenda zaidi: alikuwa mkusanyaji wa diwani. Mashairi ya Abu Nuwas na ya Abu Tammam yalipitia mikononi mwake, akayapanga na kuyahifadhi. Bingwa wa ubao na mtunza wa beti walikuwa mtu mmoja. Nadhani hapana ajabu. Aliyezoea kuandika hatua za kete hujua thamani ya kuandika hatua za ulimi.

Kabla yake, katika karne ya kwanza ya Hijra, yuko Said bin Jubair, mwanazuoni wa Kufa, mtu mweusi, aliyesifika kwa kucheza sataranji akiwa ameupa ubao mgongo. Alikuwa akiambiwa hatua ya mwenziwe, naye akitaja yake, bila kugeuka. Aliuawa mwaka 714 kwa amri ya Hajjaj. Zaidi ya miaka 1300 imepita, nasi bado twamtaja. Twamtaja kwa sababu yuko mtu aliyeandika.

Baadaye sataranji ikaenda Ulaya, lakini kwa muda mrefu waandishi wa Ulaya waliieleza kila hatua kwa maneno mengi, kama barua ya mtu asiye na haraka. Aliyewapunguzia taabu alikuwa mtu wa Mashariki: Philipp Stamma, mzaliwa wa Aleppo katika Shamu. Mwaka 1737, huko Paris, alitoa kitabu chenye mafumbo 100 ya sataranji, na ndani yake kila mraba wa ubao ulipewa herufi moja na tarakimu moja. Kwa alama hizo mchezo mzima, hata uwe wa saa sita, waweza kuandikwa kwenye karatasi ndogo kama kiganja. Stamma mwenyewe hakuwa bingwa asiyeshindika. Mwaka 1747 mjini London alifungwa vibaya na Mfaransa Philidor. Lakini njia yake ya kuandika ndiyo inayotumika leo duniani kote. Mshindi hupata siku yake. Mwandishi hupata karne.

Sasa nawaomba wasomaji tuteremke hadi mwezi wa Agosti 1914, tuweke jicho moja Ulaya na jingine Ziwa Nyasa.

Mjini Mannheim, Ujerumani, yalikuwa yakifanyika mashindano makubwa ya sataranji. Aliyeongoza alikuwa kijana wa Kirusi, Alexander Alekhine, mwenye alama tisa na nusu katika michezo 11. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, na mashindano yakakatika siku hiyo hiyo. Wachezaji wa Kirusi wakazuiliwa kama maadui. Miongoni mwao alikuwamo Alekhine, na alikuwamo pia Peter Romanovsky. Watu waliokaa meza moja jioni wakaamka asubuhi wakiwa wafungwa na walinzi.

Siku 12 baadaye, tarehe 13 Agosti, jambo la sura hiyo hiyo likatokea Liuli, kwenye ufuko wetu wa Nyasa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali la pale linalofanana na sanamu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani kufanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa na rafiki upande wa pili wa ziwa, Rhoades, kamanda wa meli ya Kiingereza Gwendolen, na walizoea kutembeleana na kunywa pamoja. Rhoades alipata habari ya vita mapema, Berndt hakuipata. Gwendolen ikaja ikapiga mizinga. Husimuliwa kwamba Berndt aliruka katika mashua akaifuata meli ya rafiki yake akifoka, akidhani mwenzake amelewa, na papo hapo akaambiwa kwamba yeye ni mateka. Pambano hilo huhesabiwa na wengi kuwa la kwanza la majini katika vita vile vikuu. Katika sataranji adabu ya zamani humtaka mchezaji aseme “shaha!” kabla ya kumshambulia mfalme, ili mwenziwe ajue. Liuli hapakuwa na aliyesema shaha.

Nimeyaweka matukio haya mawili ubavu kwa ubavu kwa sababu yanafanana, na pia kwa sababu hayakupata bahati moja. Pambano la Liuli limeandikwa katika vitabu vya vita, lakini kwa majina ya manahodha wawili wa Ulaya. Waliotia kuni katika matanuri ya meli, walioshika kamba, waliotazama kutoka kijijini, hao hawamo. Wachezaji wa Mannheim wao wamo wote, hadi wa daraja la chini, na alama walizokuwa nazo siku mashindano yalipovunjika. Mmoja ana daftari, mwingine hana.

Alekhine aliachiwa akarudi kwao. Oktoba mwaka 1920, nchi yake ikiwa katika mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa, yakaitishwa Moscow mashindano ya kwanza ya taifa katika utawala mpya. Aliyeyaandaa alikuwa Alexander Ilyin-Genevsky, mtu mwenye kisa chake: katika vita alijeruhiwa kwa mshtuko wa kombora akapoteza kumbukumbu, hata akasahau jinsi kete za sataranji zinavyokwenda, ikabidi afundishwe upya kama mtoto. Aliyewahi kusahau kila kitu ndiye aliyeanzisha daftari la taifa.

Wachezaji 16 wakakutana. Hawakuja kwa furaha ya sikukuu. Chakula kilikuwa haba, na katikati ya mashindano wakaandika malalamiko: waongezewe mkate, wapewe sigara, la sivyo hawachezi. Wakapewa walichoweza kupewa, wakaendelea. Alekhine akashinda bila kufungwa hata mchezo mmoja, kwa alama 12 katika michezo 15; wa pili akawa Romanovsky, mwenzake wa kizuizini. Mwaka uliofuata Alekhine akaihama nchi, na mwaka 1927 akawa bingwa wa dunia alipomshinda Capablanca wa Cuba.

Nawaomba wasomaji wazingatie jambo hili. Watu wenye njaa, katika mji wenye baridi, walicheza mchezo usiozaa mkate wala kuni. Na bado waliona ni wajibu kila hatua iandikwe. Mashindano yale yakaja kuhesabiwa kuwa ubingwa wa kwanza wa Muungano wa Kisovieti, hali Muungano wenyewe ulikuwa haujaundwa. Ubingwa wa mwisho, wa 58, ulichezwa mwaka 1991, mwaka ambao Muungano huo ulivunjika. Kwa hiyo daftari la mabingwa lilianza kabla ya dola na likafika nayo hadi kaburini. Botvinnik na Tal wameandikwa humo mara sita kila mmoja. Leo dola haipo, na daftari lipo.

Lakini daftari si la sifa peke yake. Lina kazi nyingine, ya uchungu, nayo ni kushuhudia. Mwaka 1928 Peter Izmailov alikuwa bingwa wa Jamhuri ya Urusi. Mwaka 1937, katika siku za hofu za Stalin, alikamatwa akapigwa risasi. Waliomwua walitaka asiwepo, na asiwe amewahi kuwepo. Jina lake halikufutika, kwani lilikuwa limekwisha kuandikwa katika orodha ya mabingwa. Huenda mtu akasema orodha ya mchezo ni kitu kidogo. Naam, ni kidogo. Lakini kwa mtoto wa Izmailov hakikuwa kidogo.

Turudi kwetu Afrika. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, na leo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake. Mwaka 2009 Amon Simutowe wa Zambia, jirani yetu, alitawazwa kuwa bingwa mkuu katika daraja za FIDE, Mwafrika mweusi wa kwanza wa kusini mwa Sahara kufika hapo. Mwaka 2010 Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Na mwaka 2012 huko Istanbul yeye na mwenzake Ivy Amoko wakapata daraja ya kwanza ya kimataifa ya wanawake. Mutesi alijifunza mchezo katika darasa la Robert Katende, alikoenda kwa ajili ya uji. Kisa chake kikaandikwa kitabu mwaka 2012 na kufanywa filamu mwaka 2016. Dunia ilimjuaje mtoto wa Katwe? Kwanza kabisa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye jedwali: amecheza na nani, ameshinda mara ngapi, amefungwa vipi. Mwandishi alifuata jedwali, na watengeneza filamu wakamfuata mwandishi.

Sasa bao. Bao la Kiswahili lina safu nne, kila safu mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zake. Kete ni 64, idadi ile ile ya miraba ya sataranji. Kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Sehemu ya kwanza ni ya kunamua, ambapo kila zamu kete moja hutoka mkononi na kuingia ubaoni. Mikono ikiisha huingia mtaji. Mwenye kula hula. Asiyeweza kula hutakata. Mwenziwe akikosa kete katika safu ya mbele, mchezo umekwisha. Na anayefungwa bado ana kete mkononi, huyo huambiwa amefungwa mkononi, na baraza haitamsahaulisha wiki nzima.

Kwa macho yangu ipo hitilafu moja kubwa baina ya michezo hii miwili. Katika sataranji kete iliyoliwa huondolewa ubaoni, haina kazi tena. Katika bao kete iliyoliwa huhamia upande wa mlaji ikapandwa katika mashimo yake, na yaweza kurudi kesho kwa mwenyewe. Kete zote zilizoingia ubaoni hubakia mumo hadi mwisho. Sataranji ni mchezo wa vita. Bao ni mchezo wa shamba. Tena lile la mteremkoni, ambapo udongo ukihama hauendi mbali, huhamia shimo la jirani. Mkulima wa ngoro angeuelewa mara moja.

Wala mchezo huu si wa pwani peke yake. Kandokando ya Ziwa Nyasa upo, na nchini Malawi huitwa bawo. Mwaka 1913 Mwingereza aitwaye Sanderson alichapisha maelezo ya michezo ya watu wa Nyasaland, na bao ni miongoni mwake. Kati ya ziwa hilo na bahari yetu ilikuwako njia ya misafara, iliyoishia Kilwa. Na wengi walioipita hawakupita kwa hiari yao. Walifika Unguja wakiwa watumwa, wakaitwa Wanyasa kwa kule walikotoka. Msomaji wa kisiwani akiangalia nyumba za majirani zake, au yake mwenyewe, atakuta damu ya ziwani. Lugha ilikwenda kwa njia hiyo na kurudi. Na pwani, kama bara, watu wakainamia mashimo yale yale. Kwa hiyo nikisema Mbinga na Nyasa katika jarida la visiwani, sisemi habari za ugenini.

Na si kwamba mchezo huu ulikosa wapenzi wakubwa. Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alilipenda bao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitia katika ushairi wake. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa kitabu kuhusu ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mafundi wa Zanzibar na kuchunguza jinsi wanavyopiga hesabu ya mizunguko mirefu kichwani, kazi ambayo ni mzigo mzito kwa akili ya binadamu yeyote. Yaani mgeni alivuka bahari kuja kupima vipaji vilivyokaa kwenye baraza zetu, ambavyo sisi tulivipita kila alasiri tukitoa salamu.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo si dhaifu. Watasema: bao ni mchezo wa barazani. Utamu wake ni maneno, kejeli, vicheko, mzee anayejifanya hakuona, mtazamaji anayetia chumvi. Ukileta karatasi, saa na msimamizi, umeua kitu. Tena watasema: mwanamume aliyeshinda jana chini ya mwembe hataki cheti, anataka mwenziwe amnunulie kahawa.

Hoja hii naiheshimu, na sehemu yake naikubali. Lakini wapenda ushairi wana jibu lake mkononi. Muyaka naye alikuwa mtu wa barazani. Beti zake zilitoka mdomoni, zikapokewa na masikio, zikaishi kwenye vicheko na mafumbo ya Mvita. Alifariki mwaka 1840 au karibu yake, na lau mambo yangeachwa yalivyo, leo tungebaki na jina na visa viwili vitatu. Alitokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa aliyezijua beti hizo, akashirikiana na Mwingereza W. E. Taylor kuziandika mwishoni mwa karne ya 19; na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabuni kwa jina la Diwani ya Muyaka. Je, kuandikwa kuliua baraza? Sauti ya Muyaka imepotea, hilo kweli. Namna alivyoinua nyusi kabla ya kituo cha mwisho, hatutaiona. Lakini tusingepata kulilia sauti kama tusingekuwa na maneno. Kalamu ya Mwalimu Sikujua haikuchukua kitu kwenye baraza. Ilichukua kitu kwenye kaburi.

Na kuandika bao si jambo gumu kama watu wanavyodhani. Mashimo ya kila safu yana namba yake, moja hadi nane. Katika namua, kinachohitajika ni kutaja shimo ilikotiwa kete, na upande ilikoelekea mbio, kushoto au kulia. Katika mtaji, shimo lililoanzisha mzunguko na upande wake. Mchezaji akifika nyumbani na kuamua kusafiri au kulala, hutiwa alama moja. Mengine yote hufuata sheria yenyewe, kwani mzunguko wa bao ukishaanza haumwulizi mtu. Kijana mmoja mwenye daftari la shule la kurasa 40, akikaa pembeni bila ya kumsumbua mtu, aweza kuandika michezo ya msimu mzima wa baraza moja. Juu ya kila ukurasa ataandika majina mawili, mahali na tarehe. Hayo tu. Ubingwa wa taifa, ukija, uje; na orodha iliyo kamili itakuwa imekwisha kuusubiri.

Sisemi kwamba bao liige sataranji. Halihitaji kuvaa koti la mtu. Ninachosema ni kwamba sataranji imekuwa mchezo wa dunia si kwa sababu mfalme wake ni mtukufu kuliko nyumba yetu, bali kwa sababu katika kila zama alikuwako mtu mmoja aliyekataa kuacha mchezo uishe pale ulipoishia: as-Suli na kitabu chake, Stamma na tarakimu zake, wale 16 wa Moscow na mkate wao mdogo. Sisi tuna mabingwa. Tunachokosa ni yule mtu wa pembeni.

Nimeanza na jina la Mbuji, nami nitamalizia huko. Kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, watu wa milima ile huanza kulaza nyasi na kuchimba mashimo mapya, kwa kipimo kile kile cha babu zao. Elimu yao imedumu kwa sababu kila mwaka inaandikwa upya, si kwa wino bali kwa jembe, juu ya ukurasa wa mlima ambao kila mtoto anausoma akienda shule. Shamba lina bahati hiyo. Mchezo hauna. Kete zikishazolewa na kutiwa mfukoni, mashimo hubaki matupu, na aliyefunga na aliyefungwa huondoka pamoja kwenda kuswali au kula. Siku moja mmoja wao hatarudi. Basi asaa tumwulize leo, angali yupo: mzee, jana ulianzia shimo gani?